Msije Februari

Sundbyberg, 14 Januari 2024

Mama Josiah,

Nimechoka na simu inayokatika kila tukifika penye maana, kwa hiyo nimenunua stempu. Natalie amenicheka. Amesema, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba hajui mtu mwingine anayeandika barua. Nimemwambia mimi nina umri gani na yeye ni binti wa nani.

Hapa theluji ilikuja ikaondoka, ikatuachia barafu kwenye njia ya kwenda stesheni. Tunatembea kama bata. Leo nimeshikilia ukuta wa benki mpaka kijana mmoja akanipa mkono, na nikiwa nimeushika mkono wa yule mtoto wa watu, nikaikumbuka Bredäng. Unakumbuka ile baridi yako ya kwanza? Wewe ghorofa ya tatu na Josiah mgongoni, sisi ghorofa ya pili. Umetoka Bujumbura na viatu vya wazi. Njuguna wangu ameuziwa skii kuukuu na yule mzee wa chini, na kila Jumamosi yuko kwenye kilima nyuma ya nyumba, mhandisi mzima na koti la ofisini, anaanguka mbele ya watoto wa mtaa mzima. Mwaka uliofuata akatukokota sote mpaka mlimani. Wewe ulikaa chini kwenye mteremko wa kwanza ukakataa kuinuka. Akakwambia, "Gaudiose, hata mimi nimetoka kwa watu wa mlimani na naogopa. Inuka tuogope pamoja."

Halafu kile kibanda cha mbao juu, wazi upande mmoja, na mandazi yaliyoganda kama mawe tukiyapasha kwenye moto.

Nataka kwenda huko. Wiki ya tisa ya mwaka, mwisho wa Februari, likizo ya shule, kama miaka yote. Mimi, Natalie na binti yake Felicia, ambaye ana miaka saba na hajawahi kuketi pale babu yake alipokuwa akiketi. Itakuwa mara ya kwanza bila yeye. Nashukuru kwamba wewe ndiye utakayekuwa jikoni pale kituo cha mlimani. Sikuelewa ulipokubali kazi hiyo Desemba, lakini sasa naona huenda Mungu alikutanguliza.

Wako,
Dorothy


Kituoni, 23 Januari 2024

Dada Dorothy,

Barua yako imekuja na skuta ya theluji, kati ya vitunguu na maziwa. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Niko salama. Wageni ni wachache, wanakula sana. Wamezoea pilipili yangu sasa.

Kuhusu wiki ya tisa, dada, nakuomba msije. Pardon kukuambia hivi moja kwa moja.

Kuna kijana hapa anaitwa Filip, kazi yake ni kuangalia theluji. Kijana kwangu mimi, kwa kweli ni mtu mzima, ana watoto. Mama yake ni wa Mwanza, yeye mwenyewe amezaliwa Tumba, Kiswahili anacho lakini anakitembeza polepole. Kila asubuhi anakwenda kuchimba shimo kwenye theluji na kuitazama ilivyopangana. Siku moja alinichukua nikaone. Theluji ya kwanza ilianguka kidogo, kisha ikapigwa na baridi kali bila mawingu, ikageuka punje kama chumvi ya mawe. Ukiitia mkononi haishikani. Juu yake upepo umerundika nyingine, ngumu kama ubao. Sasa ubao umelala juu ya chumvi. Mtu akikanyaga pabaya, chumvi inavunjika, na ubao wote unashuka naye.

Kuna mlio pia. Unakanyaga na chini panalia "vuuf", kama mtu mnene ameketi kwenye kochi la zamani. Wazungu wakiusikia wanageuka kimya kimya na kurudi.

Mteremko uliobeba zaidi ni ule wa juu ya kibanda. Njooni baada ya Pasaka, jua likishaituliza theluji. Nitapika unachotaka.

Gaudiose


Sundbyberg, 1 Februari 2024

Gaudiose,

Nimesoma habari za chumvi na ubao. Asante kwa somo.

Miaka yote tuliyokaa kile kibanda, theluji haikumfanya mtu chochote. Njuguna alipanda na mvua, akapanda na upepo, akapanda mwaka ule ambao hata gari la moshi lilisimama njiani. Leo yeye hayupo, na mlima nao umefungwa?

Wacha niseme lililo moyoni. Niliporudi kutoka Murang'a kumzika, nilidhani nitakukuta. Ulinipokea uwanja wa ndege Arlanda, kweli, ulinipikia, kweli. Lakini kila nikikutazama ulikuwa unatazama pembeni. Kisha ukaniambia umepata kazi mbali, ukafunga mlango wa Bredäng, ukaenda. Mtu wa miaka hamsini na nane aliyepika shuleni maisha yake yote anakwenda kupika mlimani, wakati rafiki yake anakula peke yake mezani. Nilikuacha uende. Sasa nakuomba jambo moja nawe unaniambia nisubiri Pasaka.

Kama una marafiki wapya huko na mjane anawaharibia hewa, sema hivyo. Theluji usiisingizie.

Tumeshakata tiketi. Natalie amechukua ruhusa kazini. Sitakusumbua jikoni. Nitabeba chai yangu kwenye chupa, nitapanda mpaka kibandani kwa miguu yangu, na nitarudi.

Dorothy


Kituoni, 12 Februari 2024

Dada,

Sina marafiki wapya. Sikuondoka kwa sababu yako. Hayo mengine siwezi kuyaandika, kalamu inakataa.

Nakuandikia juu ya theluji tu. Jana upepo ulivuma kutwa. Hatari imepandishwa, ni nne katika tano. Filip amefunga njia ya kibandani kwa kamba na vibao vyekundu. Hata mimi hanipitishi.

Nakupigia magoti. Usipande.

Gaudiose


Sundbyberg, 2 Machi 2024

Gaudiose,

Tumerudi. Nakuandikia hii ili usije ukasikia kwa watu kwamba nilikuwa karibu yako na sikukusalimu.

Tulifika kijijini Jumatatu. Yule dereva wa skuta akasema hapandi na abiria, njia yote imefungwa. Tukapata chumba. Natalie hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma, maana yule mtoto akinionea huruma huwa ananyamaza. Felicia alicheza na kijigari chake cha theluji nyuma ya duka. Mimi nilikaa dirishani nikitazama mawingu mahali mlima ulipopaswa kuwa.

Jumanne jioni nilimwomba dereva akuite kwenye redio. Alisema hukuwepo karibu, binti wa mapokezi atakupa ujumbe. Nilimwambia, "Mwambie Dorothy yuko kijijini, na kesho asubuhi anapanda, hata kwa miguu." Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka tu useme neno. Nilitaka usikike kwenye ile redio ukiniambia, "Mama Natalie, acha ujinga."

Nikangoja. Hakuna neno lililokuja. Jumatano asubuhi nikaamka, nikavaa koti langu, nikatembea mpaka nguzo ya mwisho ya taa, nikaona sina pa kwenda. Nikarudi, nikawaamsha watoto, tukapanda basi la kwanza.

Kwenye gari la moshi Felicia aliuliza kwa nini bibi wa mlimani hakuja kutuona. Kwa Kiswahili aliuliza, si Kiswidi.

Sitakuandikia tena kwa sasa. Nakutakia kazi njema.

Dorothy


Östersund, 7 Machi 2024

Dada Dorothy,

Barua yako wameniletea huku kutoka kituoni. Usishangae anwani. Niliteleza kwenye ngazi za jikoni, zilikuwa na barafu, nikavunjika mguu. Niko hospitalini, natunzwa vizuri, kuna nesi Mfini anayenisukia nywele vibaya kwa moyo safi.

Ujumbe wako niliupata, lakini ulichelewa. Nilipoupata wewe ulikuwa umeshaondoka. Ndiyo sababu hukusikia neno. Nisamehe. Mwambie Felicia bibi wa mlimani alitaka kuja.

Nimefurahi kwamba mlirudi nyumbani salama. Huwezi kujua nimefurahi kiasi gani.

Gaudiose


Sundbyberg, 13 Machi 2024

Mama Josiah,

Usinidanganye.

Natalie alisoma gazetini kwamba Jumatano ile poromoko la theluji lilizoa kibanda cha mbao karibu na kituo, na kwamba mpishi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, alitolewa akiwa hai. Alisoma amesimama hapa jikoni kwangu. Kisha akapiga simu kituoni. Nikamsikia akisema "ja, ja", kisha akaacha kusema "ja". Akaweka simu chini, akaniambia kwa Kiswahili, na unajua yeye huwa hakitumii na mimi, "Mama, alikwenda kukutafuta wewe."

Nimekaa na maneno hayo tangu juzi. Naamka nayo.

Wewe uliyeniandikia usipande, wewe uliyejua habari za chumvi na ubao, ulitoka kufanya nini? Ungeniacha niliwe na ule mlima kwa kichwa changu kigumu. Na kwa nini unaniandikia habari za ngazi za jikoni?

Niambie yote. Sitakukatiza, hii si simu.

Dorothy


Östersund, 18 Machi 2024

Dada yangu,

Basi nitakuambia.

Ule ujumbe, binti wa mapokezi aliuandika akausahau. Alinipa Jumatano wakati nakoroga uji wa wageni. "Dorothy anapanda asubuhi hii, kwa miguu." Nikaangalia dirishani, upepo, weupe mtupu. Nikazima jiko. Nilijua huwezi kuja kituoni kwangu na hasira ile. Utakwenda moja kwa moja kibandani, utakaa pale na chupa yako ya chai ili nione aibu.

Filip alisema ataangalia yeye mwenyewe. Nikamwambia, "Wewe humjui. Akikuona wewe atakufukuza." Tukaenda wote. Alinivalisha kile kifaa cha kifuani kinachotoa ishara, akaniambia, "Shangazi, tunapita ndani ya miti tu. Chini ya mteremko hatufiki. Tutaita kutoka mitini."

Tukaita. Tuliita jina lako mpaka sauti ikakauka. Kisha upepo ukafunguka kidogo, nikakiona kibanda, na ndani yake kitu cheusi, kimo cha mtu aliyeketi. Nikaona koti lako. Lile jeusi ulilovaa kuusindikiza mwili. Filip akanishika mkono. "Subiri, shangazi, nitazame vizuri." Mimi sikusubiri. Hatua chache tu nilitoka mitini. Nikasikia "vuuf" chini yangu, na huko juu mstari ukachorwa kwenye theluji, kama mtu amepasua shuka.

Haikuwa na kelele niliyoitegemea. Ilikuwa kama kusukumwa na umati wa watu. Nilizungushwa, mguu ukapigwa na mti, kisha kila kitu kikasimama na theluji ikakaza kama saruji. Nilikuwa nje kuanzia kifuani kwenda juu. Mkono mmoja ulikuwa huru. Sikuweza kupumua vizuri, na Filip alichimba akilia, akiongea Kiswidi na Kiswahili pamoja. Nilichomuuliza ni kimoja tu, "Umempata?" Aliita kijijini kwa redio. Wakamwambia yule mama alipanda basi asubuhi na mapema na mtoto.

Dada, nilicheka. Filip alidhani nimepigwa kichwani.

Kile cheusi kilikuwa rundo la kuni zilizofunikwa na turubai.

Sasa lile jingine, ambalo kalamu ilikataa.

Nilifika Bredäng bila mtu. Baba Josiah unajua yaliyompata. Njuguna ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Ndiye aliyekwenda shuleni Josiah alipopigana, akasema, "Mimi ni mjomba wake." Josiah alipooa, aliyesimama upande wetu ni yeye. Mimi nilikuwa na ndugu wa kiume wanne kule Buyenzi, Bujumbura, hakuna aliyebaki. Mungu akanipa wa tano, Mkikuyu.

Alipofariki, watu walijaa kwako Sundbyberg kila jioni. Wewe ulikaa pale kwenye godoro na Natalie, wakawashika mikono, wakawapa pole. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipika wali, nilipika maharage, niliosha vikombe. Wanawake wakija jikoni walikuwa wananiuliza sukari iko wapi. Hakuna mtu aliyeniambia pole, na sikuwalaumu, mimi nilikuwa nani? Jirani wa zamani. Kisha mkaondoka naye kwenda Murang'a, na mimi nikabaki kuosha sufuria.

Ndiyo sababu sikuweza kukutazama uliporudi. Wewe ulikuwa na haki ya kulia mbele ya watu. Niliogopa ukiniona nalia utauliza, kwani Gaudiose analilia nini hivyo? Wewe una kaburi, hata kama ni mbali. Mimi nikafikiri, nina ule mlima. Nikaenda.

Kaka nilimzika nikiwa jikoni. Jumatano ile nilisema, dada simpotezi nikiwa jikoni.

Umesema nikuambie yote. Ni hayo.

Gaudiose


Sundbyberg, 22 Machi 2024

Gaudiose, dada yangu,

Pole. Pole sana kwa kufiwa na kaka yako Njuguna. Alikupenda. Alikuwa akiniambia, Gaudiose ndiye mtu pekee katika Stockholm nzima anayecheka vichekesho vyangu kabla sijavimaliza.

Niliiandika sentensi hiyo ya kwanza asubuhi, na sasa ni jioni. Nilikuwa nakuona jikoni kwangu siku zile, mgongo wako, kitambaa chako begani, nikifikiri, asante Mungu Gaudiose yupo, chakula kiko salama. Sikukuona uso. Nimejaribu kukumbuka uso wako katika zile jioni, siukumbuki.

Madaktari wakikuruhusu, Natalie na mimi tutakuja na gari. Usibishe kuhusu umbali. Utakuja kwanza hapa. Nimezungumza na Mama Shalom na wale wa kwaya, nimempigia Dancille aje na Warundi wenzake wa Tumba. Nimewaambia kuna mtu aliyefiwa na hatukumpa pole, na tumechelewa. Hakuna aliyeuliza maswali. Mama Shalom alilia kwenye simu.

Tutaweka godoro sebuleni, palepale. Utakaa wewe, na mimi nitakaa kando yako. Watu watakuja, watakushika mkono. Hutainuka kwenda jikoni, na kwa ule mguu huna hata uwezo.

Chai nitapika mimi. Ukiona maji yamezidi, unywe unyamaze.

Dorothy


Bredäng, 21 Aprili 2024

Dada,

Najua uko upande wa pili wa mji tu na simu yako inafanya kazi. Lakini kuna mambo nimezoea sasa kukuambia kwa karatasi.

Tangu nirudi nyumbani nalala. Sijalala hivi tangu Julai. Ile siku kwako, Dancille aliponishika kichwa akaniimbia kwa Kirundi, nilisikia sauti inatoka ndani yangu ambayo sikuijua. Nilitaka kuona aibu. Nikakutazama, na wewe ulikuwa unanitazama. Josiah, aliyekuja kutoka Göteborg akidhani anakuja kuona mguu, alikaa miguuni pangu akalia kama siku zile alipokuwa mdogo. Hata yeye, dada. Hakuna aliyempa pole hata yeye.

Filip ameandika. Theluji inayeyuka, mbao za kibanda wamezipata chini kabisa kwenye miti, zimetawanyika. Anauliza kama wajenge kingine. Nimemwambia wajenge, ila upande wa pili wa bonde, mbali na ule mteremko. Anasema ndivyo alivyowaza. Pengine mwakani twende wote tukakione, wakati atakaosema yeye, si wakati wa tiketi zako.

Hapa theluji imekwisha. Watoto wametoa baiskeli. Jana nimeshuka ngazi peke yangu na magongo, mpaka dukani. Yule mama Msomali wa mboga aliona mguu akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia nilikwenda mlimani kumtafuta dada yangu, theluji ikanishika.

Akaacha kupima nyanya. "Na dada yako? Ulimpata?"

Nikamwambia nilimpata. Yuko Sundbyberg, mzima, na chai yake ina maji mengi.

Gaudiose